Okota Upanga Wako

Asukulu, papa wangu,

Umetoka kwenda kuaga watu wa kwaya, na najua watakuchelewesha, maana wale wakianza kuomba hawana breki. Nimesogeza cherehani pembeni, nimekaa mlangoni penye mwanga, naandika haraka kabla hujarudi. Habari ya makaratasi, habari ya basi la kesho kutoka Lilongwe, habari ya shangazi yako atakayekupokea Durban, mama yako amezisema zote mpaka koo limemkauka. Mi sizirudii. Mi nataka kukuandikia juu ya mapigano ya upanga katika filme.

Usicheke. Ngoja kwanza.

We umekulia ndani ya ile sine yangu, banda la udongo la kuonyeshea filme nyuma ya soko. Hujaanza hata kutembea vizuri, mama yako alikuwa anakuweka kwenye benchi la mbele, na mi nashika mikro nafasiri. Mpaka leo hapa kambini Dzaleka bantu wananiita Papa Mikro, hata hawa wanaoniletea suruali za kushona ambao hawajawahi kunisikia. Filme zilikuja na Kiingereza, zingine na Kichina, na Kichina mi sikijui hata salamu. Lakini mfasiri hawezi kunyamaza. Akinyamaza, bantu wanapiga kelele kutaka kujua yule anasema nini. Basi unamwangalia mtu mdomo, unamwangalia macho, unamwekea maneno. Spika ikiharibika unafanya na milio pia. Mi nilikuwa nagonga mkasi wa kushonea kwenye kisu cha mama yako mbele ya mikro, na batoto wanaruka juu ya mabenchi.

Tumebishana sana mi na we, mapigano gani njo makubwa kuliko yote. We ulisimama na yale ya kwenye meli, akteri, yule shujaa, kashika kamba kwa mkono mmoja, mvua inampiga usoni, na mkono mwingine unapigana na mabandi watatu. Nimekuambia mara mia kwamba yule angekufa dakika ya kwanza, sakafu inateleza na viatu vile vina visigino, na we unanuna. Mi nilipenda yule mama mzee wa Kichina aliyepigana ndani ya ghala la mchele, magunia mpaka juu, na hakuna hata punje moja iliyomwagika mpaka mwisho. Tena nilipenda yale ya ndugu wawili kwenye ngazi za mawe. Wanapanda wanapigana, wanashuka wanapigana, mpaka wote wawili wanakaa chini kwa kuchoka na upanga uko magotini. Ukiangalia vizuri, wale hawataki kuuana. Kila mmoja anamwachia mwenzake nafasi ya kukinga. Ile filme kila nikiifasiri sauti ilinikatika, na we ulidhani nina mafua.

Lakini kwa Dzaleka nzima ya kwanza ni moja tu, na unaijua kichwani. Uwanja wa jumba la mfalme. Akteri wa shati jeupe anaupiga upanga wa bandi, unamtoka mkononi, unateleza mbali. Bandi yuko magotini, mikono mitupu. Halafu akteri anausukuma ule upanga kwa mguu, unarudi mpaka mbele ya bandi, na mi nasema ndani ya mikro, polepole: "Okota upanga wako. Mi sipigi mtu wa mikono mitupu."

Wiki tatu zilizopita ulirudi kutoka Mtandire, mtaa wa Lilongwe, kwenye ile kazi ya kubeba matofali, ukiwa huna simu, na uso wako unang'aa. Ukatusimulia tukiwa tunakula. Wanaume wawili walikukata njia pale kwenye kijito, mmoja na panga. Ukaweka mfuko chini, ukafungua mikono, ukawaambia kwa Chichewa kwamba mwanaume wa kweli hapigi mtu wa mikono mitupu. Wakacheka, wakachukua simu, wakaenda. Mama yako akamshukuru Mungu kwa sauti, akakuongezea nsima. We ukanigeukia mi, ukasema, "Papa, ile neno yako inafanya kazi."

Niliacha sahani nusu nikaenda kukaa nyuma ya nyumba. Mama yako alisema ni maharage. Haikuwa maharage, Asukulu. Kesho unakwenda nchi ambayo wageni wanafuatwa na mapanga mpaka kwenye vibanda vyao, kila mtu hapa ana ndugu wa kukusimulia, na unakwenda na neno langu mfukoni ukidhani ni silaha. Nina saa chache tu za kulitoa. Mdomo umenishinda, we mwenyewe umeona hizi siku nakuita halafu nakutuma maji. Njo maana naandika.

Yale maneno hayamo ndani ya filme. Niliyatunga mi.

Niliyatunga kwetu Fizi, kabla hujazaliwa, katika sine ya kwanza niliyofasiri, chumba kimoja karibu na ziwa na grupu ya umeme ya kuunguruma nje. Kiingereza nilikuwa sijui. Nikaona upanga unarudishwa kwa mguu, nikafikiri, huyu ni mtu wa heshima, mtu wa heshima anasema nini. Nikasema hivyo. Bantu walisimama wakapiga makofi. Na wa kwanza kusimama alikuwa mdogo wangu Wilondja, ambaye kazi yake ilikuwa kuangalia ile grupu isizimike, lakini upanga ukianza tu anaiacha anakuja dirishani.

Baba mdogo wako Wilondja unamjua kwa picha moja ile ya ubatizo, na unajua alikufa kwa homa tukiwa njiani. Nilikuambia hivyo. Nilimwambia mama yako hivyo, na shangazi yako akalia kwenye simu na mi nikamwambia hivyo tena, homa kali, siku mbili.

Alikuwa mtu wa kucheka, mwenye miguu mirefu, hakuna aliyemshinda mbio pale shuleni. Na alikuwa anaamini. Mi nilikuwa nauza maneno, yeye alikuwa ananunua. Siku moja pale sokoni mlevi alimwinulia jembe kwa sababu ya mambo ya mwanamke, na Wilondja akafungua mikono, akasema lile neno, wazi, bantu wote wanasikia. Mlevi akaangalia huku, akaangalia kule, akatupa jembe chini, akaanza kulia. Soko zima lilisimulia mwezi mzima. Wilondja akaja kwangu mbio. "Yaya," akaniambia, maana mi ni kaka yake mkubwa, "ile iko kweli." Na mi, badala ya kumwambia mjinga we, nimetunga, sijui hata yule mzungu alikuwa anasema nini, nilivimba kichwa. Nilijisikia kama pasta. Hapo njo kosa langu lilipo, si kwenye kutunga. Kutunga ni kazi. Kosa ni kwamba mtu alikuja kuniuliza kama ni kweli na nikaacha aamini, kwa sababu ilinipendeza kuaminiwa.

Walikuja mchana, tukiwa tunang'oa mihogo. Sitakuambia ni kundi gani. Kila mtu ana jina lake la kuwaita na haibadilishi kitu. Mi nilikuwa nimekwenda mwisho wa shamba kufunga mzigo, nikawaona kabla hawajaniona, wanaume watatu wenye mapanga. Nikalala chini katikati ya mihogo. Wilondja alikuwa wazi, pale palipokwisha kung'olewa, na panga la kukatia miti ya mihogo mkononi.

Angekimbia wasingemkamata. Hilo nimelipima mara nyingi kuliko nilivyopima nguo za bantu. Kulikuwa na nafasi, kulikuwa na mteremko, na yule alikuwa anakimbia kuliko wote. Badala yake aliangalia lile panga lake, akaliweka chini, pole, kama mtu anayeweka sahani. Akafungua mikono. Nilikuwa mbali, sikusikia kitu. Niliona mdomo wake unakwenda. Maisha yangu yote nimewawekea bantu maneno mdomoni kutoka mbali bila kujua wanasema nini, na siku ile peke yake nilijua, neno kwa neno.

Kisha akageuza uso kidogo upande wa mihogo, upande wangu. Nadhani alijua niko pale. Yule wa mbele hakucheka, hakukasirika. Alitembea tu akamfikia.

Nilifunga macho. Nilipofungua, walikuwa wanaondoka kwa njia ya juu, na mi nikakimbia kwa njia ya chini. Sikwenda pale alipolala. Sikumfunika. Nilimkuta mama yako anatwanga, ana mimba yako ya miezi mitatu, nikamshika mkono na tukateremka ziwani na nguo tulizovaa. Aliniuliza Wilondja yuko wapi. Nikamwambia anakuja nyuma. Siku ya pili nikamwambia kuna mtu tumekutana naye, amesema ana homa. Siku ya nne nikamuua kwa homa, na mama yako akanifariji.

Sasa utaniuliza, na ni haki yako, kama ni hivyo kwa nini nilikuja kuyasema tena hapa Dzaleka, miaka kumi na zaidi, mbele ya batoto wa bantu, mbele yako. Ningeweza kuichoma ile filme. Ningeweza kumpa akteri maneno mengine, hakuna ambaye angejua. Nimejijibu namna nyingi. Nilijiambia bantu wanayaomba, na kweli walikuwa wanayaomba. Lakini ukweli ni kwamba pale kwenye benchi la mbele, pembeni yako, upande wa ukuta, kulikuwa na nafasi ambayo haikaliwi, na mi nilikuwa naisemea ile nafasi. Ulikuwa mdogo ukaniuliza mara moja kwa nini nafasiri nikiangalia ukuta. Upanga ukianguka, bandi akiwa magotini, kabla sijafungua mdomo, Wilondja alikuwa bado amesimama shambani na mikono wazi. Nikisema neno na upanga ukirudi, safari hii imefanya kazi. Kesho yake naanza tena. Usimwambie pasta kwamba naona mizimu. Siioni. Namsikia tu akivuta pumzi kama mtu aliyekuja mbio kutoka kwenye grupu, na inakuja mchana kweupe, nikikata kitambaa, mashine ikinyamaza.

Halafu ikaja siku ile ya Lilongwe. Unakumbuka nilirudi nikasema kifua kinaniuma, siwezi tena kushika mikro, nikauza vyombo vyote, na we ukakaa wiki nzima husemi na mi. Haikuwa kifua. Nilikuwa nimekwenda Mtandire kutengenezesha deki, kwa Mmalawi mmoja fundi wa televisheni, mtu wa taratibu. Nimekaa juu ya ndoo nasubiri, na kwenye televisheni yake inapita filme, na ni ile. Haina mfasiri. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kuisikia yenyewe, maana sisi sauti tulikuwa tunaifunga wakianza kusema ili yangu isikike. Na Kiingereza kwa miaka hii kimeniingia kidogo, kwa sababu ya maofisi.

Upanga ukaanguka. Akteri akausukuma kwa mguu. Akainama karibu na bandi, akasema kwa sauti ya chini, karibu ya kunong'ona. "Okota. Watu wanatuangalia."

Basi. Njo hayo tu.

Nilimwomba yule fundi arudishe nyuma. Akarudisha. Nikaomba tena, akarudisha tena, akanieleza kwa upole akidhani sijaelewa Kiingereza. Kule juu kwenye baraza la jumba kulikuwa na watu wa mfalme wamejaa, na akteri alikuwa amekuja kumuua yule tangu mwanzo. Ila akimuua yule akiwa mikono mitupu, itaitwa mauaji na watamfunga. Akimuua yule akiwa na upanga mkononi, itaitwa vita. Kwa hiyo okota, nikuue vizuri. Na kweli anaokota, na kweli anauawa, dakika haikwisha, na sisi sote tulikuwa tunapiga makofi, tukidhani alipewa nafasi akashindwa. Wale watu wa baraza nimewaona mara elfu. Nilidhani ni pambo. Fundi aliniuliza kama ninaumwa, akanipa maji kwenye kikombe chake mwenyewe. Nilisema zikomo, asante yao, nikaacha deki pale pale.

Nikatembea Mtandire yote nikimfikiria mlevi wa sokoni. Aliangalia huku, aliangalia kule. Nilikuwa nimemwona kwa macho yangu akiangalia, soko zima limemzunguka, na sikuelewa. Hakumwachia Wilondja kwa sababu ya mikono yake mitupu. Alimwachia kwa sababu yetu.

Na shambani hakukuwa na baraza. Wa kuangalia alikuwa mmoja, na alikuwa kifudifudi na macho amefunga.

Ningesimama? Ningepiga kelele? Labda leo tungekuwa wawili kwenye udongo wa Fizi na we usingekuwapo. Labda wangeona ni wengi, wangeenda. Sijui. Miaka ishirini na mbili najiuliza na sijui, na sitaki uniambie kwenye simu kwamba haikuwa kosa langu. Mama yako atasema hivyo akijua. Utaniacha nalo, tafadhali. Ni la kwangu.

Lakini hili lingine si la kwako, na nalichukua. Lile neno nalirudisha kwangu. Wale wa kijitoni walikuacha kwa sababu walitaka simu wakapata simu, au kulikuwa na mwanamke anafua mbele kidogo, au walikuwa wamechoka, mi sijui na we hujui. Si kwa sababu ya neno. Ukifika kule ukakutana na mtu mwenye panga, usimtafute mtu wa heshima ndani yake. Pengine yuko. Pengine yuko siku za Jumapili, mke wake akiwa pembeni. Usimngojee atoke.

Na ukiona mwingine ndio amesimama katikati ya wenye mapanga, peke yake, na we uko mbali... Mama yako amepita akaniuliza naandika hesabu gani. Sitakuambia jitupe. Mi sikujitupa, sina mdomo wa kukuambia. Ila macho usiyafunge. Kama unaweza kuonekana na ukabaki na nafasi ya kukimbia, onekana, piga kelele, washa taa, bantu watoke mlangoni. Hakuna kingine ninachokijua, na nimekijua kwa bei ambayo si mi niliyelipa.

Shangazi yako, ukitaka, mwambie. Wilondja ni kaka yake. Atakuuliza juu ya ile homa, yeyote anayetoka hapa yeye anamuuliza, na mi nimekuwa nikiomba Mungu mtu asiwe na jibu. Mpe hii karatasi aisome mwenyewe. Akinitukana, ni haki. Akinyamaza, nitaelewa pia. Mama yako nitamwambia mi, kesho, basi likishaondoka. Nimeandika hapa ili nisipate njia ya kurudi nyuma.

Nasikia watu wanacheka kule barabarani, nadhani ni nyie. Nitakuwekea hii ndani ya begi chini ya shati la kanisani, uifungue ukishavuka mpaka, si kabla, maana ukiisoma hapa utanitazama na sitaweza kukusindikiza.

We una miguu ya Wilondja. Nimekuona ukicheza mpira na nimegeuza uso mara nyingi, ukadhani sipendi mpira. Itumie. Usisimame mbele ya mtu kumpa nafasi ya kuwa mzuri. Kimbia, Asukulu, acha begi, acha simu, acha hata rafiki aliyekwisha kuanguka, na kimbia. Ukishafika pahali penye bantu, utaanza kusikia aibu, na itakuja kila siku. Hapo nipigie, saa yoyote. Aibu mi naijua namna ya kuishi nayo, nitakuonyesha.

Papa yako